Gari inakunywa maji na chini hakuna hata tone

Gari niliyoachiwa na mjomba ilikuwa imechakaa lakini injini yake nzima, ila ilikuwa na tabia moja inaniumiza kichwa, maji yanapungua na huoni yanakoenda. Asubuhi nafungua mfuniko wa rejeta nakuta imeshuka, najaza, nainama kuangalia chini pakavu kabisa. Nikatandika boksi chini ya injini usiku kucha, boksi likaamka kavu. Na kila niliyemuuliza jibu lake ni hilo hilo, hiyo gasketi ya hedi hiyo, yaani ile sili ya kati ya hedi na bloku ya injini, jiandae. Watu wanapenda sana kusema hedi, boneti haijafunguliwa mtu ashakuhukumia hedi.

Mimi sikukubali kirahisi maana dalili zenyewe sikuziona. Kijiti cha oili nikikichomoa oili ni nyeusi ya kawaida, haijapauka wala kufanya povu. Moshi mweupe mzito kwenye ekzosi hakuna, ni ule mvuke wa asubuhi tu unaopotea injini ikishika moto. Nikawasha injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, nikachungulia maji yametulia tu. Gasketi ikishapasuka gesi ya silinda inaingia kwenye njia ya maji, utaona mapovu hayaishi na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu hata injini haijapata joto. Wangu ulikuwa laini.

Basi siku moja tuko na binamu yangu tunapanda mlima mrefu, mshale wa temperecha ukaanza kupanda. Nikafungua vioo nikawasha hita mpaka mwisho, maana hita nayo inapitisha maji ya moto ya injini kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, kwa hiyo inasaidia kutoa joto. Ikapuliza moto vizuri, halafu ghafla ikaanza kupuliza hewa ya baridi na mshale uko karibu na nyekundu! Injini inaungua hita inatoa baridi, maana yake ni moja tu, maji hayafiki kule juu tena. Mara mshale wenyewe ukadondoka mpaka chini kabisa, binamu akafurahi, "si unaona imepoa." Haijapoa wala nini, sensa inapima joto la maji, maji yakiisha pale ilipo inabaki inapima hewa inakudanganya. Nikaweka pembeni nikazima hapo hapo.

Mfuniko sikuugusa mpaka mpira wa juu ukaweza kubinyika kwa mkono bila kuunguza. Hii watu wanaichukulia poa. Ndani mle kuna presha, na kwa mfuniko wa bar 0.9 maji matupu yanaweza kufika kama digrii 118 bila kuchemka, ukifungua presha inaachia yote kwa mpigo na yanachemka papo hapo usoni mwako.

Tulijaza maji tukashuka taratibu mpaka kwa fundi. Huyu hakuanza na kufungua nati, alileta pampu ya mkono yenye geji, akaifunga kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa imepoa, akapampu mpaka 0.9 ile ile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Mshale wa geji ukawa unashuka polepole. Akapita na tochi kwenye mipira yote, akachungulia kile kitobo cha chini ya pampu ya maji ambacho sili ikichoka ndo kinachovuja, kila mahali pakavu. Akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "Kaka, kioo chako cha mbele kinashika ukungu?"

Kinashika, tena ukungu wenyewe ukiufuta na kitambaa unapakaa, unaacha utando kama wa mafuta, na ndani kuna kiharufu cha utamu utamu kinakaa kooni. Mimi nilidhani gari kuukuu tu zinanuka hivyo. Fundi akaenda upande wa abiria, akainua kapeti, akaminya sponji ya chini, ikatoa maji ya kijani. Kulanti yangu yote, yale maji ya rangi ya kupozea injini, ilikuwa inahamia ndani ya gari! Kirejeta cha hita kimetoboka, na kinavuja zaidi njia za maji zikiwa na presha, ndo maana boksi la usiku halikuona kitu.

Kuhakikisha, akachomoa ile mipira miwili inayotoka kwenye injini kwenda kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klampu, akapampu tena. Mshale ukasimama. Na kwa kuwa injini ilishapata joto kali akapima na hedi kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya ekzosi, ikabaki bluu. Binamu akaishiwa maneno, na yeye alikuwa chama cha hedi.

Kubadilisha kirejeta chenyewe ni kazi kubwa, dashibodi nzima inang'oka. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu kwenye maungio, na fundi hakushangaa, gari imekuwa ikiongezwa maji ya bomba matupu miaka mingi mpaka kulanti ikawa nyepesi, na kulanti ndo yenye dawa ya kuzuia kutu. Safari hii tulichanganya nusu kwa nusu, tukatoa hewa mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa, tunaminya minya mpira mapovu yatoke, mpaka thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata joto, ikafunguka na feni ikawaka yenyewe. Ile beseni ya kulanti ya zamani aliifunika, kwa sababu ni tamu na ni sumu, mbwa wanailamba.

Maji hayakupungua tena. Kilichobaki kunisumbua ni ile sponji ya chini ya kapeti, niliianika mpaka nikachoka na harufu haitoki, mwisho nikaitupa nikaweka nyingine.