Viota vikiisha, ndege wa bahari wanagawanaje maji?

Watu wengi wakisikia ndege wa bahari picha inayokuja ni ile miamba imejaa viota na kelele zisizoisha. Mi naona hiyo ni nusu tu ya stori. Kinda likishaondoka mzazi hana tena safari za kurudi kulisha, anaweza kwenda popote, na hapo ndo swali linakuwa tamu: spishi mbili za ukoo mmoja, mdomo karibu sawa, chakula karibu sawa, zinaishije kwenye bahari moja?

Mwaka 1934 mwanabiolojia mmoja Mrusi, Gause, alionyesha kwa viumbe wadogo sana aliowafuga maabara kwamba spishi mbili zikitegemea kitu kilekile mahali palepale, moja inaishia kutoweka. Sawa, ila bahari ina upepo, ina mikondo, ina kina, ina usiku na mchana, kwa hiyo njia za kukwepana ni nyingi.

Watafiti wanajuaje ndege yuko wapi miezi yote hiyo? Anafungwa mguuni kidude cha gramu chache kinachorekodi mwanga, basi. Urefu wa mchana unakwambia yuko umbali gani na ikweta, saa ya jua la utosi inakwambia yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Kinakosea kama kilomita 200 hivi, na Machi na Septemba, mchana na usiku zikilingana dunia nzima, upande wa kaskazini na kusini unapotea kabisa. Lakini kwa ndege anayevuka bahari kuu kilomita 200 ni nini bana.

Chukua albatrosi, wale ndege wakubwa wa bahari wenye mabawa marefu, wa kisiwa cha Georgia Kusini, kusini mwa Atlantiki. Kuna wa kichwa kijivu na wa nyusi nyeusi, wanazaliana kisiwa kimoja, na hata wakati wa viota tayari kila mmoja ana lake, wa kijivu anapenda ngisi wa bahari kuu na mwenzake anakula zaidi krili (viumbe wadogo kama uduvi) na samaki. Msimu ukiisha wale wa nyusi nyeusi wengi wanavuka Atlantiki hadi mkondo wa Benguela, nje ya Namibia na Afrika Kusini, huku wale wa kichwa kijivu wanatawanyika bahari ya kusini yote na baadhi wanaizunguka dunia nzima, mmoja alimaliza mzunguko kwa siku 46! Ndo maana mi siamini kila mgawanyo ni matokeo ya kufukuzana, wakati mwingine kila mtu anafuata tu mdomo wake.

Ila subiri, maana jina la spishi nalo halitoshi. Hao hao wa nyusi nyeusi, lakini waliozaliana visiwa vya Falkland, wengi hawaendi Benguela, wanabaki upande wa Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini. Spishi moja, sehemu mbili za kuzaliana, pande mbili za Atlantiki. Na kuna ndugu watatu wa jamii ya shiawota (ndege wa bahari, jamaa wa albatrosi), wa Mediterania wanatoka kupitia Gibraltar na kushuka nje ya Afrika Magharibi, wa Cabo Verde wanavuka kwenda upande wa Brazili, halafu yule wa visiwa vya Atlantiki ya kaskazini anatawanyika sehemu kibao, zingine anakutana na ndugu zake bila shida.

Na ramani zikipandana haimaanishi wanagombania sahani moja. Ramani haikuonyeshi kina wala saa. Ndege wa miamba wa kaskazini, wale weusi na weupe wanaoogelea kwa mabawa, kwa Kiingereza guillemot, wanaweza kuwa eneo moja la baridi na mmoja akazama kina tofauti na mwenzake. Tena baada ya viota wananyonyoka manyoya yote ya kurukia kwa mpigo, wiki kadhaa hawaruki, na baba ndo anakuwa na kinda majini huku mama akiwa huru, kwa hiyo hata ndani ya spishi moja dume na jike hawana majira ya baridi yanayofanana.

Hili suala la saa mi ndo naliona muhimu zaidi, kwa sababu ya meli za kuvua kwa kamba ndefu zenye ndoano. Ndege anafuata chambo, ananasa, anazama na kamba. Njia mojawapo ya kuwaokoa ni kutupa kamba usiku, na kwa albatrosi inasaidia sana maana wengi wanakula mchana, lakini binamu yao petreli wa kidevu cheupe, ambaye anazurura bahari zilezile, anakula usiku pia na anazama vizuri, kwa hiyo usiku peke yake haumsaidii hivyo, lazima kamba ziwekewe uzito zizame haraka na nyuma ya meli zining'inizwe tepe za kuwatisha.