Himalaya: sakafu ya bahari iliyokunjwa

Kilele cha Everest, mlima wa safu ya Himalaya wenye mita 8,849, ni mawe ya chokaa yenye visukuku vya viumbe wa baharini. Yalianza kama mashapo, yaani tope lililotulia kwenye sakafu ya bahari ya kale. Takriban miaka milioni 50 iliyopita bamba la India (kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea) liligonga bamba la Yurasia, yaani la Ulaya na Asia. Miamba ya mabara yote mawili ni myepesi mno kuzama kabisa, hivyo matabaka yakabanwa yakajikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani. Lakini mwamba haukunjiki ovyo: hutaka joto, mgandamizo na muda mrefu. Karibu na uso wa dunia, ukiwa baridi, hukatika na kipande kimoja hupanda juu ya kingine, ndiyo maana Nepal ilitetemeka mwaka 2015. Kilimanjaro msiichanganye humu; hiyo ni volkano.