Kimnara kilichogoma kuwaka kwenye picha

Jioni tatu mfululizo nilirudi kutoka ufukweni, nje kidogo ya Mwanza, na picha za mnara wa taa usiowaka. Kumbe taa ile huwaka mara moja, ikazima. Shata yangu, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ilikuwa sekunde 1/60, ikaangukia gizani kila mara. Nikahesabu: sekunde sita kati ya mwako na mwako. Nikaweka ISO 100 (wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (tundu dogo la lenzi), shata sekunde nane. Taa ikatokea, ila mnara ukawa pacha! Mawimbi yalikuwa yanalainisha mchanga, miguu ya stendi ya kamera ikididimia taratibu. Mvuvi aliyekuwa akipakia taa zake za dagaa akacheka: “Mdogo wangu, si uvue ndala?” Ndala mbili na kifuniko cha ndoo vikaenda chini ya miguu mitatu, begi nikalining'iniza katikati ya stendi kuongeza uzito. Picha ikatulia, hadi kutu ya ngazi ya mnara ikaonekana.