Ng'ambo ya Pili ya Ziwa Letu

Nimezaliwa Kisumu, na miaka yote nimelitazama Ziwa Victoria nikiamini nalijua. Kwetu maji yamejificha ndani ya ghuba, na magugumaji yakija hufunga hata njia ya mitumbwi. Mwanza nilifika usiku kwa basi la kutoka mpakani Sirari, sikuona kitu. Kulipopambazuka nikatoka nje ya nyumba ya mwenyeji wangu, mwanafunzi mwenzangu, nikakuta miamba. Nyumba zimepanda mlimani katikati ya mawe makubwa kuliko zenyewe, watoto wa shule wanateremka mbio mahali ambapo mimi ningeshika kwa mikono.

Mwenzangu alikuwa na mtihani. Tukaagana tukutane saa nane mchana, Makoroboi. Nikaondoka na simu yenye chaji robo, na pasi yangu ya kusafiria nikaiacha ndani ya begi. Mambo yote ya siku ile yalianzia hapo.

Kwenye daladala la Kirumba nilimwambia konda anishukishe "steji" ya mbele. Hakunielewa mpaka abiria mmoja alipomwambia, "Anataka kituo." Nikatoa noti, akairudisha kiganjani mwangu: "Dada, hii ni elfu kumi. Tafuta ndogo." Shilingi yetu moja ilikuwa kama ishirini za kwao, na hesabu ile ilinichosha kutwa nzima. Angeweza kunyamaza tu.

Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba ningekaa hadi jioni. Dagaa waliokaushwa wamejazwa kwenye magunia, wabebaji wanapita nayo mgongoni wakipiga kelele wapishwe, malori yanasubiri, na korongo wanatembea katikati ya watu bila haraka. Nikamwuliza mama mmoja bei ya omena. Akanitazama tu. Nikaonyesha kwa kidole.

"Hawa dagaa, mwanangu."

Nikamwonyesha mbuta, akasema ni sangara. Ngege, akasema ni sato. Tulizunguka meza nzima hivyo, mimi nikitaja la Kisumu, yeye la Mwanza, mpaka majirani zake wakaja kusikiliza. Nilijisikia kama mtu aliyewakuta ndugu zake wa damu wanaitwa majina asiyoyajua. Hata ile habari ya sangara kwamba si mzaliwa wa ziwa hili, kwamba aliletwa miaka ya 1950 kisha furu, samaki wadogo wa asili, wakapungua vibaya, mama aliijua vilevile kama wavuvi wa kwetu.

Mgahawani nikasema "nipe chai", kama tunavyosema Kisumu bila ubaya wowote. Dada akaniwekea kikombe kimyakimya. Mzee wa meza ya pili akaniambia kwa upole kwamba huku watu husema "naomba". Niliona haya, nikamfuata dada yule kumwomba radhi.

Saa tano nilikuwa Capri Point, tayari kuvuka kwenda Saanane. Kisiwa hicho kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina lake ni la mzee aliyekuwa akiishi pale. Nilikuwa nimeota kuwaona pimbi na swala pala mji ukiwa mbele ya macho. Lakini kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki kinadai kitambulisho, na changu kilikuwa begini. Cha wageni wa mbali sikukiweza. Nikasimama ufukweni nikikitazama kisiwa, karibu kabisa, nikageuka.

Ndipo nikaenda kupanda kivuko cha Kamanga, angalau nilione Jiwe la Bismarck kutoka majini. Mawe yamepandana, la juu limekaa kana kwamba wimbi moja lingetosha kuliangusha. Wajerumani walilipa jina la chansela wao, utawala wao ukaisha, jina likabaki.

Upande wa Sengerema nikateremka kununua mahindi ya kuchoma. Nilipogeuka, kivuko kilikuwa kimeshaacha gati. Nikatoa simu nimwambie mwenzangu. Ikazima.

"Kaa hapa kivulini," akasema mama wa mahindi. "Kitarudi." Akaniuliza kama naogopa maji. Nikasema siogopi, nimekulia ziwani.

"Na mimi nimekulia ziwani. Naogopa."

Akanisimulia MV Bukoba. Mei 21, 1996, asubuhi, meli ikitoka Bukoba imejaza kupita kiasi, ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, ikazama nao. Waliokufa walizidi 800. Shangazi yake alikuwa humo, akileta ndizi mjini. "Wengi wamezikwa Igoma," alisema huku akigeuza mahindi. "Yeye hatujui kama yumo."

Sikuwa na la kumjibu. Shuleni nilifundishwa kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nikaikariri na kupata alama. Msiba huu wa ziwa hilihili hakuna aliyewahi kunitajia, na jambo hilo liliniuma pale kwenye benchi kuliko njaa na kuchelewa.

Kivuko kiliporudi nilikaa ukingoni, macho yakitafuta mahali meli ile ilipozama. Makoroboi nilifika saa kumi na nusu, mwenzangu hakuwepo. Nikapanda mlima kwa kuuliza njia nyumba hadi nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko huko mjini anakutafuta analia." Akanivuta ndani, akaniwekea ugali na sato wa kukaanga, akakaa karibu yangu mpaka binti yake aliporudi.

Asubuhi nilipopanda basi la Sirari, nilimwomba konda aniambie tukifika Igoma.