Chakula cha kuokota Sutherland, na ardhi wanayoiita pori

Kaskazini kabisa mwa Scotland, Sutherland na jirani yake, ile pwani ya kutoka Durness kupitia Tongue na Bettyhill mpaka Thurso, kuna chakula kingi cha kuokota kuliko wanavyodhani wale wanaopita na magari ya kukodi wakipiga picha, na mimi tangu nihamie huku nimegeuka mtu wa mfuko wa wavu na kisu kidogo, yaani hata nikitumwa posta narudi na kitu. Ila leo sio mapishi tu. Kuna watu wananiuliza kuhusu hii habari ya kurudisha ardhi iwe pori, kwamba kondoo waondolewe, mifereji izibwe, miti irudi yenyewe, na mimi naona mtu akishakula kutoka kwenye ardhi hii miaka kadhaa hiyo habari anaisikia tofauti kidogo na aliyeko mjini.

Tuanze baharini. Waliokulia pwani wanajua bamvua, na huku hesabu ni ile ile, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama maji yanapwa mbali na vile vitu vya chini kabisa vinatoka nje kwa saa moja hivi. Hapo ndo natafuta mwani mwekundu, wenyewe wanauita dulse. Unaota umeng'ang'ania mashina ya ule mwani mkubwa wa kahawia, mwekundu wa kuelekea zambarau, ukiushika unateleza, ukiuvuta unanyoosheka tu haukatiki, ndo maana ya kisu. Unakata nusu ya juu, ile sehemu iliyoshikilia unaiacha ili uote tena, na humalizi shina moja, kidogo hapa kidogo pale. Nyumbani nautundika kwenye kamba ya nguo, upepo wa huku unaukausha haraka ukabaki mweusi wenye vumbi jeupe la chumvi, halafu ukiutupia kwenye siagi ya moto unabadilika rangi hapo hapo na unavunjika mdomoni, chumvi usiweke kabisa.

Kuna konokono wadogo weusi wa kuchemsha na kuchokoa kwa pini. Kuna wale wenye gamba moja lililochongoka walioganda kwenye mwamba, wao dawa yake ni pigo moja la ubavuni la kushtukiza, maana ukimgusa akastuka anajibana na hapo hata uje na nyundo utavunja gamba tu. Ni wagumu kutafuna, sitawadanganya. Na juu kidogo ya mawe kuna majani manene madogo makali kama haradali ambayo mabaharia walikuwa wanayala kujikinga na kiseyeye kwa sababu ya vitamini C. Mimi naweka machache kwenye sandwichi ya yai na inatosha, mengi yanachoma koo.

Kome mimi siokoti tena kiangazi. Maji yakipata joto kuna vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho ambavyo kome anavichuja na sumu yake inabaki mwilini mwake, na ile sumu haiondoki kwa kupika hata uchemshe mpaka kesho, inaanza ganzi ya midomo na ikizidi mtu anashindwa kupumua. Isitoshe kisheria kome na chaza wa asili wa Scotland ni haki ya Taji, mfalme ndo mwenye nao, haya. Na upande wa Dounreay, kwenye kile kituo cha zamani cha nyuklia kinachobomolewa, tangu 1997 kuna eneo la kilomita 2 kuzunguka mdomo wa bomba la majitaka lililopigwa marufuku kuvuna chochote cha bahari kwa sababu ya chembechembe za mionzi zilizovuja zamani. Wageni wengi hawalijui hilo kabisa, wanaona mchanga mzuri tu.

Sheria za nchi kavu ni nyepesi zaidi. Sheria ya ardhi ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu popote bila kuuliza ilimradi awe mstaarabu, ukianza kuokota vya kuuza hapo umeshatoka kwenye hiyo haki, na sheria ya 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini na mizizi yake bila ruhusa ya mwenye ardhi. Majani na matunda ya kula nyumbani hakuna anayekusumbua. Cha kuogopa ni jamii ya karoti. Kwenye mifereji na vijito kuna mmea unaitwa Oenanthe crocata, kwa macho ya haraka ni kama seleri, mizizi yake imeua watu na ng'ombe, na kwenye miamba ya bahari kuna ndugu yake anayelika vizuri kabisa, kwa hiyo ambaye hajaoneshwa kwa kidole na mwenyeji hayo majani ayaache yote.

Sasa majani yanayowasha. Yale ya mwezi wa nne, machanga, ukiyachemsha dakika mbili kuwasha kunaisha na unapata mboga nzito ya kijani kuliko spinachi yoyote. Mzee mmoja jirani yangu ndiye alinionesha kwamba hayaoti ovyo ovyo. Yanapenda fosfati, na fosfati inakaa palipokuwa na watu, palipomwagwa majivu, samadi, mabaki ya chakula, na inabaki kwenye udongo mamia ya miaka. Kwa hiyo ukiwa bondeni Strathnaver, kahawia kila upande, halafu ukaona kipande cha nyasi za kijani kibichi na kichaka cha majani ya kuwasha, tembea taratibu, utakuta mawe yamepangwa mstari. Ile ilikuwa nyumba.

Bonde lile lilikuwa na watu. Mwaka 1814 na tena 1819 familia zilifukuzwa, mapaa yakachomwa moto, ili nafasi iende kwa kondoo maana kondoo walikuwa na kodi nzuri kuliko watu. Patrick Sellar, aliyesimamia ile kazi 1814 na ambaye mwenyewe alikuwa anakwenda kufuga kondoo pale pale, alishtakiwa na 1816 akaachiwa huru. Watu wakasukumwa huku pwani, kwenye viwanja vidogo vya mawe, wakaambiwa wawe wavuvi. Bettyhill yenyewe inasemekana imepewa jina la Elizabeth, mama aliyekuwa mwenye ardhi ile. Na ndo hapo hivi vyakula ninavyovisifia vilipopata kazi nzito, mwani na konokono wa mwamba vilikuwa chakula cha mtu ambaye amenyang'anywa shamba, na bara kulikuwa na mizizi ya mmea wenye majani ya fedha kwa chini ambayo watu walichimba na kula tangu kabla viazi havijafika. Leo kuna mahoteli yanaweka mwani kwenye sahani nyeupe kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja.

Kwa hiyo mtu akisimama pale akasema hili ni pori la asili lililobaki Ulaya, ee, subiri kwanza. Ule utupu umetengenezwa, na uliotengeneza ni uamuzi wa ofisini.

Lakini msinielewe kwamba napinga. Kulungu wekundu ni wengi mno, mbwa mwitu waliokuwa wakiwala walishamalizwa karne nyingi zilizopita na mashamba makubwa yanawaweka kulungu kwa ajili ya wawindaji wa kulipia, kila mche wa birchi ukitoa kichwa unaliwa. Kulungu akiwa hai hana mwenyewe kisheria, ila haki ya kumpiga risasi ni ya mwenye ardhi, na kwangu mimi nyama ya kulungu ndo chakula cha pori chenye maana kuliko vyote huku, kila kilo unayokula ni miche imepona. Visubi vya Julai peke yake ndo naomba visirudishwe, vipo vya kutosha.

Na mfano mzuri kuliko wote uko nyuma ya pwani hii, Flow Country, lile eneo kubwa la peati, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu nusu kwenye maji, ambalo 2024 UNESCO walilipa hadhi ya urithi wa dunia, na ni peati ya kwanza duniani kuipata. Miaka ya 1970 na 80 matajiri walipewa nafuu ya kodi wakipanda miti, basi ikachimbwa mifereji na kupandwa misonobari ya asili ya Marekani Kaskazini juu ya udongo wa maji uliojijenga kwa maelfu ya miaka, kama milimita 1 kwa mwaka. Bajeti ya 1988 ikaikata ile nafuu. Tangu 1995 RSPB, shirika la kuhifadhi ndege wa porini, liko Forsinard na kazi yao kubwa imekuwa kukata miti na kuziba mifereji ili maji yarudi juu. Wageni wanashangaa, kurudisha asili kwa msumeno? Ndiyo. Kila ardhi na asili yake, na kupanda miti kila mahali ni uvivu wa kufikiri.

Hata mifugo sio adui siku zote. Juu ya miamba ya hapa kuna ua la zambarau fupi kuliko kidole, Primula scotica, halipo kokote duniani ila pwani hii ya kaskazini na Orkney, na linahitaji nyasi fupi zilizoliwa na wanyama, ukiondoa mifugo yote linafunikwa na kufa. Lakini wakila na kiangazi wanalila na lenyewe pamoja na maua anayoyategemea yule nyuki mnene wa manjano, ambaye Uingereza nzima amebaki huku na kwenye visiwa tu. Suluhisho la wafugaji wadogo wa zamani lilikuwa rahisi, wanyama wakae hapo baridi, kiangazi watoke.

Juzi tulikuwa na kikao ukumbini kuhusu fensi ya kulungu inayotaka kuzungushwa kwenye kipande kimoja hapa jirani, ramani nzuri sana, rangi nne, na magofu hayajawekwa hata kwa nukta. Nikauliza mawili, geti la kufika kwenye magofu, na ng'ombe wachache kuanzia Oktoba kwa ajili ya yale maua. Geti wamekubali. Ng'ombe wanasema wamsubiri mtaalamu wa mimea, nikawaambia sawa, ila aje Mei maua yakiwa wazi, asiletwe Desemba halafu mtuandikie ripoti kwamba hajaona kitu.