Doa Jeusi la Barafu

Sungura wa Kalifonia huzaliwa bila alama yoyote. Kitoto hutoka uchi, macho yamefumba, na manyoya yakianza kuota huwa meupe mwili mzima. Baadaye ndipo weusi unapojitokeza, puani, masikioni, miguuni na mkiani, na mfugaji anayetafuta wa kumpeleka maonyeshoni hana budi kungoja. Mimi nilimngojea Barafu. Katika ndugu zake wote ni yeye aliyekolea vizuri: masikio meusi hadi shinani, pua nyeusi iliyopanda kati ya macho, na mgongo uliojaa nyama.

Hiyo ilikuwa Nyeri, miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili. Kwetu wanaume wazima walifuga ng'ombe wa maziwa, na sungura alikuwa mfugo wa wavulana, wa kuwapatia hela za kalamu na nyama siku ya Jumapili. Mimi ni msichana. Niliachiwa vizimba na kaka yangu alipokwenda shule ya bweni, nikaamua kuwafuga kwa kumbukumbu za maandishi, kama baba alivyofanya kwa ng'ombe wake. Kila jike alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari: amepandwa lini, na dume gani, amezaa wangapi, wangapi wamefika umri wa kuachishwa kunyonya. Babu yake Barafu upande wa dume alitoka kituo cha serikali cha sungura pale Ngong, na hilo nililiandika kwa wino mwekundu.

Kazi yenyewe niliipenda kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume, kwa sababu kwake hulinda mahali pake na anaweza kumrarua mgeni. Hana siku maalumu za kutaka dume kama ng'ombe. Mayai huachiliwa saa kumi hivi baada ya kupandwa. Hubeba mimba siku 31, pengine moja pungufu au moja zaidi. Siku ya 28 nilikuwa namwekea kisanduku chenye nyasi kavu, naye mwenyewe akajinyofoa manyoya ya kifua na tumbo kuwatandikia watoto. Watu wengi hudhani jike amewatupa wanawe kwa sababu hawamwoni akinyonyesha. Huwanyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, kisha hukaa mbali ili asivute adui kwenye kiota. Nilipolijua hilo niliacha kuwa na wasiwasi, na vitoto vyangu vikapona kwa wingi.

Mwezi wa Juni Barafu alitokwa na jipu mgongoni, karibu na bega. Afisa wa mifugo alikuwa amekuja kumtazama ng'ombe wa baba, nikamwomba apite kwenye banda langu. Alinyoa sehemu ya ukubwa wa kiganja changu, akapasua, akatoa usaha mzito mkavu, akaosha kwa dawa. Jeraha lilifunga vizuri. Kisha manyoya yakaanza kurudi, na yalirudi meusi. Meusi kabisa, kama masikio, juu ya mgongo mweupe.

Mama alidhani ni dawa iliyomtia rangi. Mjomba wangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwea anakolima mpunga, alimwinua Barafu kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Mama, damu haifichiki," aliniambia. Kwetu mjomba humwita mpwa wake wa kike hivyo, kwa heshima ya jina la mama yake nililorithi. "Huyu ana baba mwingine. Dume fulani jeusi limeingia hapa."

"Mjomba, hakuna dume jeusi katika banda hili. Daftari hili hapa."

"Daftari halioni usiku."

Nililia usiku huo. Doa lenyewe halikuniliza, niliumizwa na neno lile juu ya daftari. Shuleni, katika klabu ya wakulima vijana, mwenzangu mmoja alinishauri niyang'oe manyoya meusi siku chache kabla ya maonyesho, mwingine akataja dawa ya kufulia nguo. Nilikataa yote mawili. Nilitaka mtu anayejua sungura amwone Barafu kama alivyo, aniambie lile doa limetoka wapi.

Maonyesho ya kilimo ya Kabiru-ini hufanyika Septemba, baridi ikianza kupungua. Nilimweka Barafu kwenye tenga lenye nyasi, nikalishika magotini ndani ya matatu safari nzima, baba na mjomba wakiwa kiti cha nyuma. Ndani ya banda la sungura harufu ilikuwa ya majani mabichi na maranda ya mbao. Jirani yangu alikuwa na Flemish Giant aliyejaza kizimba chake chote, upande wa pili kulikuwa na Chinchila wa rangi ya majivu, na mbele yetu safu nzima ya New Zealand weupe, ambao pamoja na jina lao walizalishwa Marekani. Wapita njia walisimama mbele ya Barafu, wakanyosha kidole, wakasema, "Huyu ni chotara," wakaendelea.

Mwamuzi alikuwa mzee mwenye koti jeupe na mikono mizito. Meza ilitandikwa gunia ili miguu ya mnyama isiteleze. Alimshika Barafu kwa ngozi ya shingo, mkono wa pili chini ya matako, akamlaza chali. Akafunua mdomo: meno ya juu yapite mbele ya ya chini, na nyuma yao kuwe na yale mawili madogo ambayo panya hana. Akachungulia masikioni kama kuna magamba ya utitiri. Akatazama miguu ya mbele upande wa ndani, kwa maana sungura mwenye mafua hujipangusa pua hapo na manyoya hugandamana. Akakagua visigino, akahesabu kucha. Halafu akamsimamisha, akapitisha kiganja mgongoni hadi kwenye doa, akatulia.

"Binti, hapa palinyolewa?"

"Ndiyo, mzee. Alikuwa na jipu."

"Lini?"

"Juni, katikati."

"Na unakaa wapi?"

Nilimtajia kijiji, kule juu karibu na msitu. Alicheka kwa furaha, akawaita wote wenye sungura wasogee.

Aliwaeleza kwamba weusi wa Kalifonia hufanywa na baridi. Mnyama mzima ana uwezo wa kutengeneza rangi nyeusi, lakini kimeng'enya kinachoitengeneza hakifanyi kazi penye joto la mwili. Hufanya kazi pale tu ngozi inapopoa: puani, masikioni, miguuni, mkiani. Uzao huu aliutengeneza Mmarekani George West katika miaka ya 1920, na alama hizo zilitoka kwa sungura wa Himalaya aliyemtumia katika kuchanganya. Mnyoe mgongo Julai ya Nyeri, jua likiwa limejificha na manyunyu hayakatiki, na ngozi ile isiyo na blanketi itaota nyeusi kama pua. "Doa hili," akasema, "linathibitisha damu yake. New Zealand mweupe ungemnyoa hapo, angerudi mweupe."

Nilimtafuta mjomba kwa macho. Alikuwa amesogea hadi kwenye meza.

Zawadi hatukupata. Mwamuzi alinieleza waziwazi kwamba katika ushindani wa uzao mnyama huhukumiwa kama alivyo mezani siku ile, na alama isiyo mahali pake humtoa. Nililiona hilo ni haki na bado naliona ni haki. Kanuni ikianza kusikiliza hadithi ya kila mfugaji, hakuna atakayeziamini zawadi. Lakini alichukua kalamu, akaandika kwenye kadi yangu kwamba umbo na nyama ya mgongo ni bora kuliko wote wa uzao huo bandani, na kwamba nisiliguse doa. Atakapopukutisha manyoya wakati wa joto, weupe utarudi. Baba, ambaye hakuwahi kuuliza chochote juu ya sungura wangu, aliiomba ile kadi, akaiweka katika mfuko wa ndani wa koti pamoja na kadi za ng'ombe wake.

Februari mgongo wa Barafu ulikuwa mweupe wote. Mjomba alikuja kujionea, akapenyeza vidole ndani ya manyoya akitafuta unywele mmoja mweusi, akakosa. Akaomba dume na jike kutoka kizazi kilichofuata. Nilimuuzia, nikamweleza kwamba Mwea ni kwenye joto, kwa hiyo watoto watakaozaliwa kule wasimshangaze wakipauka. Mwaka ulipokwisha alituma salamu kwamba pua za vitoto vyake ni za kahawia, afya ni nzuri, na kama ningekuwa na jike lingine nimwekee.