Soksi sita ndani ya kiatu kimoja

Jamani leo nimetoka Grand Rapids na wifi yangu tukaenda Holland, si nchi, ni mji hapahapa Michigan, Waholanzi waliuanzisha 1847, na sasa ndo wako kwenye Tulip Time, tamasha lao la maua ya tulipu, walianza 1929.

Maua mazuri sawa, lakini viatu!! Watu wanacheza barabarani na viatu vya mbao, lami inalia ko ko ko utadhani wamama watatu wanatwanga kinu kimoja.

Nikamuuliza binti mmoja, we huumii? Akacheka akavua, ndani soksi juu ya soksi, nimehesabu sita, ya nje imetoboka kidoleni 😂

Na kwao wala si Waholanzi, bibi yake Mmeksiko.

Nyie mlio ugenini, ngoma ya kwenu mnaichezea wapi?